Kilo za Bonge

Jumatatu asubuhi, kabla mtu hajagusa chai, kila kitu kilichokusudiwa kuingia kwenye gari kilipandishwa kwenye mizani. Ndiyo ilikuwa desturi ya karakana. Mizani yenyewe ilitoka kwenye ghala la nafaka lililofungwa, ilikuwa na ukubwa wa mlango uliolazwa, na hakuna aliyethubutu kuifagia bila ruhusa. Fundi wa bodi, mtu mzima aliyeitwa Mzee Drili kwa sababu hajawahi kukutana na chuma asikitoboe, alisimama kando na chaki akiandika ukutani. Kiti, kilo nne na robo. Usukani, kilo moja na gramu mia tatu. Kioo cha pembeni, gramu mia mbili na kumi. Kati ya kiti na usukani palikuwa na mstari mwingine wa mwandiko uleule: dereva, kilo tisini na moja.

Dereva alikuwa juu ya mizani kwa soksi, amevuta tumbo ndani kana kwamba mizani ingedanganyika. Jina lake la kuzaliwa lilikumbukwa na watu wawili: mama yake, ambaye alishafariki, na dada yake, ambaye naye alimwita Bonge kama wengine wote.

"Tisini na moja," alisema Mzee Drili. "Mimi nimetoboa matundu arobaini kwenye kanyagio la breki kuokoa gramu mia mbili. Wewe jana umekula nini?"

"Chakula," alisema Bonge.

Watu wakacheka. Dada yake alicheka pia, akiwa kwenye benchi lake karibu na dirisha, na waya wa shaba umemzunguka vidole.

Yeye ndiye msukaji aliyesuka mota, akizungusha waya wa shaba ndani yake mzunguko kwa mzunguko. Kwa miaka ishirini alisuka mota za pampu za maji na za mashine za kusaga, mpaka vidole vyake vikawa vinahesabu mizunguko vyenyewe huku mdomo ukizungumza mambo mengine. Kisha Bosi akamfuata. Karakana ya Bosi ilitengeneza magari madogo ya michezo yanayokuja vipande vipande ndani ya makasha: fremu ya mabomba, viti viwili, hakuna paa, hakuna milango, na bodi ya faiba nyembamba kiasi kwamba ukiweka mkono upande wa jua kivuli chake kilionekana upande wa pili. Zamani waliyatia injini za petroli zilizotolewa kwenye magari yaliyogongwa. Sasa waliyatia mota za umeme, na waliyashindanisha kila baada ya wiki mbili kwenye njia ya ndege ya kiwanja kilichoachwa, ili wanaotaka kununua waone. Msimu ulikuwa wa mbio sita.

Bonge alikuwa ameendesha kwa miaka kumi na minne na hajawahi kupita nafasi ya nne. Haikuwa kwa kukosa ujuzi. Mikono yake ilizijua kona kama inavyojua vifungo vya shati. Tatizo, kila mtu alisema, lilikuwa kilo zake. Walisema mbele yake, kwa upole, kama wanavyosema watu kuhusu mvua.

Ijumaa kabla ya mbio za kwanza, Bosi alifungua sanduku la betri. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, anayewaita mafundi wote familia. Ndani mlikuwa na seli arobaini na nane. Akatoa kumi na nane moja moja, akazifuta vumbi, akaziweka kabatini.

"Kilo thelathini na sita," alisema. "Mzee Drili angetoboa mpaka uzeeni asizipate."

Msukaji aliacha kazi yake. "Bosi, mota hii nimeisuka kwa seli arobaini na nane. Ukiipa thelathini itatafuta zilizobaki."

"Itazitafuta wapi, dada?"

"Hilo sijui. Mimi najua tu ina njaa kiasi gani."

Bosi alitabasamu, akafunga kabati kwa ufunguo.

Jumamosi Bonge alishinda. Alishinda kwa umbali mkubwa hivi kwamba mwenye bendera alidhani ni gari lililopotea njia na nusura alisimamishe. Magari ya umeme hayana kelele, ni mlio tu mwembamba na sauti ya tairi, kwa hiyo watazamaji waliwasikia vizuri mafundi wakipiga mayowe peke yao. Bonge alishuka amelowa jasho, akalia, akamkumbatia dada yake mpaka miguu ikaning'inia. Dada naye alifurahi, bila unafiki. Alimlea huyu tangu ana miaka sita, na hakuwahi kumwona akitazamwa na watu wengi namna ile bila kuchekwa.

Alipopima betri jioni ile, hesabu haikukaa sawa. Seli thelathini zilikuwa zimetoa umeme wa seli arobaini na nane, na bado zilikuwa na akiba. Alipima tena kwa kipimo kingine. Jibu likawa lilelile.

Jumatatu Bonge alipanda mizani. Mzee Drili aliinama, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Themanini na mbili," alisema.

Tumbo lilikuwa palepale, mashavu palepale, suruali ilibana mahali ilipobana siku zote. Karakana nzima ilipiga makofi. Mzee Drili alifuta ile tisini na moja kwa kiwiko, akaandika namba mpya, akasema kwa wivu wa kweli, "Mimi natoboa mwezi mzima napata kilo tatu. Huyu kakaa kitini dakika ishirini kapata tisa."

Hilo ndilo kosa lao, na ni kosa ambalo wangelifanya watu wa kazi ile tu. Mtu mwingine yeyote angeuliza kilo zimekwenda wapi. Wao walikuwa wamezoea kushangilia kila kitu kinachopungua.

Msukaji peke yake hakupiga makofi. Alikwenda ofisini kwa Bosi na karatasi yake ya vipimo.

"Betri imetoa umeme ambao haina," alisema.

"Umetoka wapi?"

"Kwa Bonge. Kila akiachia kanyagio la mwendo kwenye kona, mota inageuka jenereta. Inarudisha umeme kwenye betri. Ilitakiwa irudishe wa gari tu. Inarudisha na wake."

Bosi aliisoma karatasi mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kudharau hesabu. "Basi siku za mbio ahakikishe anakula vizuri," alisema, akamrudishia karatasi yake.

Baada ya mbio za pili Bonge alikuwa na kilo sabini. Alishinda tena. Daktari alimpima mapigo, akamkagua macho, akamgonga goti kwa kile kinyundo, akasema mgonjwa ana afya njema na angekuwa na afya bora zaidi akipunguza mwili kidogo. Viti viliacha kulia Bonge alipokaa. Ngazi ya mbao ya stoo, iliyokuwa ikimtukana kila alipoipanda, ilinyamaza. Yeye mwenyewe alisema anajisikia vizuri, isipokuwa siku za upepo.

Kulikuwa na kanuni, kwa bahati mbaya au nzuri. Gari na dereva wake, wakipimwa pamoja baada ya mbio, jumla isipungue kilo mia tano na ishirini. Mkaguzi wa mbio, mtu mwenye kalamu nne mfukoni na koti lililopigwa pasi hata kwenye vumbi la njia ya ndege, aliwapima akakuta pungufu ya kilo kumi na sita. Akawaruhusu kwa mara hiyo moja, akaagiza wajazie. Bosi akaleta vipande vya risasi, ile metali nzito, akavifunga kwa skrubu kwenye sakafu ya gari, chini kabisa ya kiti.

Ndipo mambo yalipozidi kumwendea Bonge vizuri. Uzito ulio chini, wanajua watu wa mbio, ni mali. Uzito ulio juu unalivuta gari nje ya kona. Kilo ya risasi sakafuni ni bora kuliko kilo ya mtu kitini. Kila kilo iliyotoka kwa Bonge ilirudi ndani ya gari ikiwa bapa, imetulia, haina mdomo, na kwenye kona gari lilishika lami kama lililogandishwa kwa gundi. Bosi aliichora picha yake kwenye ubao ili mafundi wote waelewe, mshale mmoja ukitoka kifuani kwa mtu na kushuka chini.

Baada ya mbio za tatu, zilizokuwa za ushindi vilevile, alibaki na hamsini na tano.

Mke wa Bonge alifika karakana siku ya pili yake, mchana, akiwa na sare ya duka la dawa alikofanya kazi. Hakuwa mtu wa kuja. Alimkuta msukaji akipaka vanishi kwenye koili za waya, akavuta kigoda akaketi.

"Wifi, nimekuja kwako kwa sababu kule ofisini nitaambiwa sisi ni familia."

"Sema, wifi yangu."

"Miaka kumi na moja nalala kwenye mteremko. Unanielewa? Yeye akilala, godoro linazama, na mimi nateleza mpaka kwake. Nilikuwa nalalamika. Nilimwambia anunue godoro gumu." Alikunja kona ya sare yake. "Sasa godoro limenyooka. Nikiamka, nimelala peke yangu upande wangu, na yeye yuko pale. Nimemshonea mifuko ndani ya pajama, nimetia betri za tochi, hazisaidii. Umtoe kwenye hilo gari. Wewe ndiye uliyelisuka."

Msukaji alitaka kusema kwamba alisuka mota tu, hakutoa seli. Alifungua mdomo akauona huo utetezi ulivyo mwembamba, akaufunga. "Nitamtoa," alisema.

Kwanza alifuata njia ya sheria. Alimwendea mkaguzi Jumatano kwenye chumba chake, ambamo mlikuwa na meza, feni na rafu ya majalada ya rangi moja, akamweleza kwamba betri ya gari lile imepunguzwa seli kumi na nane.

Mkaguzi alifungua kitabu cha kanuni. "Hapa inasema betri isizidi seli arobaini na nane. Haisemi isipungue."

"Dereva naye anapungua."

"Hapa inasema jumla isipungue mia tano na ishirini. Imepungua?"

"Haijapungua. Wanajazia risasi."

"Basi wanafuata kanuni," alisema mkaguzi, bila ubaya wowote. Alikuwa mtu mwenye huruma kwa kiasi chake. Alimpa kiti, alimmiminia maji. Alipokuwa akitoka alimwambia kwamba yeye pia ameliona jambo hilo, na ameliandika kwenye safu ya maoni mengineyo.

Kwa hiyo akabakiwa na mikono yake. Mota ilikuwa imeshushwa kwa usafi. Aliifungua, akachoma vanishi ya zamani, akachomoa koili zote, akaisuka upya kwa waya mwembamba na mizunguko mingi zaidi, ili iwe inakula kidogo, ivute taratibu, itosheke na kile ilichopewa. Ilimchukua siku mbili nzima, mchana kweupe, mbele ya watu. Hakuna aliyemuuliza. Mota ikishafungwa kifuniko, nani ajue kilichomo tumboni mwake?

Jumamosi Bonge alimaliza wa nane. Jumatatu mizani ilisoma hamsini na tano, kama ilivyosoma wiki mbili nyuma, bila gramu moja kupungua, na msukaji alijifungia stoo akalia kwa furaha kati ya makasha. Ilikuwa furaha ya siku moja na nusu. Aliitumia yote.

Bosi hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alikuja akaegemea benchi, akachukua kipande cha waya, akakipima unene kwa kucha.

"Dada, huu si waya wetu."

"Si wenyewe."

"Umeamua peke yako."

"Nimeamua. Yule ni mdogo wangu, Bosi. Namtaka abaki na chochote cha kumshikilia ardhini. Hata kilo hamsini. Sikatai, zilizokwenda zimekwenda. Nirudishie seli zangu kumi na nane au niache na waya huu."

Bosi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeombwa kitu ambacho angependa sana kukitoa. "Mimi simlazimishi mtu," alisema. "Muulize mwenyewe."

Akaenda zake. Alijua anachokifanya.

Bonge alikuja baada ya chakula cha mchana. Alitembea kwa kushika kuta, si kwa udhaifu, nguvu zake zilikuwa zilezile. Ni kwamba mtu mkubwa wa kilo hamsini na tano anatua polepole kila hatua, na inachosha kungojea mguu ushuke. Alikaa juu ya benchi la dada yake, jambo ambalo zamani lingevunja benchi.

"Dada, rudisha ule waya."

"Sirudishi."

"Unajua miaka kumi na minne nimeona nini? Migongo. Naijua migongo ya wenzangu wote. Naweza kukutajia nani ana kovu wapi shingoni. Mara tatu hizi nimeangalia mbele, njia tupu. Haina mtu, dada. Haina mtu kabisa."

"Na mkeo?"

"Mke wangu ana mume anayeshinda."

"Mkeo ana mume anayepeperuka."

Bonge alicheka. Kicheko chake hakikuwa kimepungua hata kidogo, kilijaza karakana na kumfanya Mzee Drili azime drili asikilize. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto wa miaka sita aliyekuwa akiomba asizimiwe taa, "Mbio mbili tu. Halafu nastaafu. Nitakula, zitarudi."

Wote wawili walijua hazirudi. Alikuwa anakula tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo ingefaa kusema kwamba alikataa. Alikuwa na haki, alikuwa na ujuzi, alikuwa na wifi aliyemwahidi. Lakini tangu azaliwe, mdogo wake hakuwahi kumwomba kitu cha kifahari. Aliomba viatu, aliomba daftari, aliomba aandamane naye kwa daktari. Hili lilikuwa ombi lake la kwanza la kitu asichokihitaji. Msukaji alichomoa ule waya mwembamba kwa koleo, koili baada ya koili, akaurudishia ule mnene. Vidole vilihesabu mizunguko vyenyewe. Hakuna aliyemshika mkono, na aliona aibu, na aliisuka vizuri kuliko mara ya kwanza, kwa sababu hakujua kusuka vibaya.

Mbio za tano Bonge alishinda, akabaki na thelathini na moja. Walimjazia risasi. Sasa ilibidi mtu amshike mkono kutoka getini hadi garini, na mke wake alimfungia mkanda wa begi kiunoni, akaushika alipotembea naye mtaani. Majirani walisalimia. Mmoja alisema na yeye mumewe angekuwa hivyo asingepotea akitumwa dukani. Wifi hakurudi tena karakana. Akikutana na msukaji njiani alimwamkia kwa heshima zote, akapita.

Siku ya mbio za sita palikuwa na upepo wa ubavuni. Msukaji alisimama kwenye uzio na kipimo chake mkononi, akiwa amekata shauri moja tu, kuhesabu. Kila mdogo wake alipoachia kanyagio kuingia kona, mlio wa mota ulishuka, ukawa mnene, na msukaji alijua ni nini kinachoingia kwenye betri. Mizunguko ishirini na miwili, kona sita kila mzunguko. Kwenye mizunguko ya mwisho gari halikuwa linashindana na mtu. Lilikuwa peke yake kwenye njia tupu, likipita na kupita, na ndani yake mtu mkubwa mwenye kofia ngumu nyekundu ameinamisha kichwa kwenye kona kwa raha, kama anayesikiliza. Alikuwa na furaha. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu lilionekana hata kutoka kwenye uzio.

Mkaguzi aliwapima gari na dereva pamoja: mia tano na ishirini na moja. Akaomba dereva ashuke ili ahakikishe. Wakamfungua mikanda, Mzee Drili akamshika bega, na gari likapimwa tupu: mia tano na ishirini na moja. Mkaguzi aliziangalia zile namba mbili, moja chini ya nyingine. Akazipiga mhuri zote.

Kombe lilikuwa la shaba na msingi wa jiwe. Bonge alilipokea kwa mikono miwili na lilimshusha taratibu mpaka soli za viatu zikagusa jukwaa. Alisimama vizuri kabisa. Alipigwa picha akiwa amesimama hivyo, mashavu yameng'aa, na asiyejua angedhani anamwona mtu mzito kuliko wote uwanjani. Kisha Bosi akapanda jukwaani, akampa mkono, akasema maneno mazuri juu ya familia, na akalichukua kombe kulipeleka ofisini.

Bonge akapaa. Hakupaa kwa kasi. Alipaa kama mtu anayeinuka kwenye kiti baada ya mazungumzo marefu. Dada yake, ambaye alikuwa ameshaona linalokuja, aliruka akamdaka kifundo cha mguu. Alimvuta chini kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba, akamwambia ashike uzio, naye akashika.

Watu walipiga makofi, kwa sababu walikuwa bado wanapiga makofi ya kombe.

Mambo yakatulia baada ya hapo. Bonge hakuumwa, hakukonda, hakulalamika. Asubuhi mkewe alimleta karakana akiwa amemshika mkanda, akamkabidhi, akaenda kazini. Jioni alikuja kumchukua. Mchana msukaji alimfunga kwa ule uzi mnene wa pamba wa kufungia koili, ncha moja kiunoni, nyingine kwenye mguu wa benchi, na alimwachia urefu wa kutosha kuzunguka. Bosi alisema waziwazi mbele ya wote kwamba hapo hafukuzwi mtu. Bonge akawa ndiye anayebadilisha taa za dari na kuangalia paa linavujia wapi. Alizifanya kazi hizo vizuri. Mara nyingine, upepo ukipita chini ya mlango, aliegemea upande kama yuko kwenye kona.

Mzee Drili alilifuta neno dereva ukutani, akaliacha pengo. Kwa siku kadhaa hakutoboa kitu. Kisha yakaja makasha mapya, akatoboa.

Msukaji alikwenda mara moja zaidi ofisini. Kombe lilikuwa dirishani, limekalia faili zisipeperushwe. Aliomba seli zake kumi na nane zirudishwe kwenye gari kabla ya msimu mpya.

"Zile?" alisema Bosi. "Nimezichanganya na nyingine kumi na mbili. Zimetosha gari la pili. Nilikuwa nakuja kukwambia, utusukie mota nyingine kama ileile. Hakuna anayesuka kama wewe, dada." Na hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkera zaidi.

Tangazo lilibandikwa getini Jumanne. Lilisema wanatafutwa madereva wawili wenye uzoefu, uzito usiwe chini ya kilo tisini. Mpaka Alhamisi walikuwa wamekwisha kufika watu saba. Walikuwa wanaume wanene, wapole, wenye vipaji vilivyocheleweshwa, ambao maisha yao yote waliambiwa kuna kitu kimoja tu kinachowazuia.

Wa kwanza wao alikuwa mwokaji mikate, mtu wa makamo, unga bado kwenye nywele za mikono, aliyeendesha magari ya mbio siku za mapumziko kwa miaka tisa na kumaliza wa tano mara nyingi sana. Alisimama mbele ya benchi la msukaji, akatazama juu.

"Habari za kazi, mama. Yule bwana?"

"Mdogo wangu. Ndiye aliyekuwa dereva."

Kisha akamweleza. Hapakuwa na mtu aliyemkataza. Alimweleza habari ya seli zilizotolewa na ya mota inayokula, namna kilo zinavyotoka kwenye kona na risasi inavyoingia badala yake. Alimweleza habari ya godoro lililonyooka na ya mkaguzi na mhuri wake. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Alimwonyesha waya na uzi. Aliongea kwa muda mrefu kuliko alivyoongea kwa mwezi mzima, na mwokaji alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kofia mkononi, bila kumkatiza.

"Kona ya tatu usiiogope," Bonge alimwambia kutoka juu. "Inaonekana mbaya, lakini inashikika."

"Ahsante, kaka," alisema mwokaji. Alifikiri kidogo, akamgeukia msukaji. "Alishinda mara ngapi?"

"Mara tano."

"Kati ya ngapi?"

"Sita."

Mwokaji aliitikia kwa kichwa. Akauliza ofisi ya Bosi ni ipi. Ilikuwa mlango wa pili kushoto, na msukaji akamwonyesha.